Okidi imemwaga maua yote, imebaki majani na mizizi inaning'inia hewani. Nitupe?

Dirisha la Tabata, 11 Januari

Wakuu heshima kwenu. Sijui kama hapa ndipo pake, maana naona wengi wa jukwaa hili ni wa nyanya na vitunguu, ila nimekosa pa kuulizia.

Mwishoni mwa Novemba nilizawadiwa okidi, ile yenye maua meupe mapana kama vipepeo, kikonyo kirefu kimefungwa kwenye kijiti. Nikaiweka katikati ya meza ya chakula, ubavuni mwa bakuli la matunda. Kila asubuhi kabla ya kutoka naimwagia kikombe kimoja cha chai. Wiki ya tano maua yakaanza kunyauka, wiki ya sita halijabaki hata moja. Majani yapo manne, mawili ya chini yamelegea kama mchicha uliotoka jikoni. Kuna mizizi ya kijivu imetoka nje ya chungu, inaning'inia tu. Chungu ni cha kauri, kizuri sana, hakina tundu. Maji ni ya kisima cha mtaani.

Mume wangu anasema tutupe mmea, chungu tukiwekee vijiko. Imekufa au imelala?

Kiboko ya Mbu, 11 Januari

Nimeuliza bei ya hilo ua dukani, nikaambiwa laki kasoro. Kitu hakiliwi, hakina kivuli, hakifukuzi mbu. Panda mchicha hapo dada yangu. Ngoja waje wataalamu, mimi nipo pembeni na kahawa.

Mkulima wa Kamachumu, 11 Januari

Kiboko, hakiliwi nani kakwambia? Vanila ni okidi. Hiyo tunayolima huku Kagera, inayotambaa kwenye miti, ukoo wake ni mmoja na ua la huyu dada. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na ukilikosa asubuhi hiyo limeshakwenda. Tunapita mti kwa mti na kijiti kama cha kuchokolea meno, tunalichavusha kwa mkono. Mbinu hiyo aliipata mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion mwaka 1841, Edmond Albius, na mpaka leo haijapatikana bora yake. Baada ya hapo unasubiri ganda kama miezi tisa. Sasa njoo useme tena okidi haina faida.

Ila dada, ya kwenu ya ndani siijui vizuri. Msubiri Shangazi.

Shangazi Maua, 12 Januari

Nimeitwa, nimekuja. Tanga tulikuwa hatuna umeme tangu jana.

Mwanangu usitupe, na huyo bwana mwambie vijiko avitafutie pahala pengine.

Maua kuanguka si kifo. Uliyo nayo ni Phalaenopsis, ndiyo imejaa maduka yote ya maua, na maua yake hukaa miezi miwili hadi mitatu kisha hupukutika. Yako yamewahi, na mie wa kwanza kumshuku ni bakuli la matunda. Ndizi ikiiva hutoa gesi, ethilini. Ndiyo hiyo hiyo tunayoifungia ndani tunapovumbika ndizi, ikaivisha mkungu mzima. Ua la okidi likiivuta linazeeka kabla ya siku zake. Ndizi na okidi havikai meza moja.

Kinachonitia mashaka ni hayo majani. Mtu akiona jani limelegea husema kiu, akaongeza maji. Lakini chungu bila tundu, kikombe kila asubuhi, wiki sita? Mizizi ya ndani imeoza hiyo, haina tena cha kunywea. Mmea unakufa na kiu huku umekaa majini.

Kwao, Ufilipino na Indonesia na nchi za jirani, okidi hii haioti ardhini. Inashika tawi la mti juu huko, mvua inailowesha, upepo unaikausha, yote siku moja. Mti wenyewe haiunyonyi, imepanga chumba tu. Kwa hiyo ile mizizi ya kijivu unayoiona kama ugonjwa ndiyo mizima kuliko yote. Imevaa ganda la sifongo. Ukiilowesha inageuka kijani mbele ya macho yako, ikikauka inarudi rangi ya fedha. Saa yako ya kumwagilia ni hiyo rangi. Usihesabu siku, wala usisome kile kikaratasi cha dukani kinachosema vipande vitatu vya barafu kwa wiki. Barafu si sumu, lakini kwa joto letu, na vile vipande vya magome ya mti vilivyomo chunguni vikiwa vimekauka, ni sawa na kumpa ng'ombe maji kwa kijiko.

Fanya hivi. Itoe chunguni yote. Binya mzizi mmoja mmoja. Mzima ni mgumu. Uliooza unabonyea, ukiuvuta ganda linavuka na wewe unabaki na kauzi mkononi. Iliyooza kata kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Kisha, na hapa wengi hawafiki, tafuta katikati kabisa chini ya shina. Mara nyingi utakuta kikombe kidogo cha plastiki chenye matundu, au donge la nyuzi za kahawia laini kama sifongo. Humo ndimo ilimooteshwa ikiwa mche. Pembeni kunakuwa pakavu, katikati panatota mwezi mzima. Litoe lote hata likikuchukua saa nzima.

Rudi utuambie umebakiwa na mizizi mingapi.

Dirisha la Tabata, 12 Januari

Shangazi nimerudi, mikono inanuka bwawa.

Kikombe nimekikuta! Kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, kimebanwa na mizizi pande zote, ndani donge jeusi linachuruzika maji. Nimelikwangua kwa kijiti cha mshikaki. Mizizi ya ndani iliyobaki mizima ni mitatu, ya nje minne. Chini ya chungu kulikuwa na maji vidole viwili ambayo sikuwahi kuyaona kwa sababu chungu ni kizuri sana.

Nimepaka mdalasini wa unga pale nilipokata, nilisoma mahali. Sasa nipande kwenye nini? Nina mfuko wa udongo wa mboji, mzuri, wa maua.

Shangazi Maua, 12 Januari

Mboji HAPANA. Utaizika hai.

Mdalasini ni sawa penye kidonda, lakini usiimwagie mizizi mizima, unaikausha.

Mafinga Mbao, 12 Januari

Wadau, magome ya mipaini. Huku kwetu viwanda vya mbao vya Sao Hill magome ni uchafu, watu wanachomea matofali. Mjini nimeona yamefungwa kwenye vifuko vya kilo mbili yana bei kama nyama. Ukiwa na ndugu anayepanda basi kutoka Iringa, mwambie akubebee kiroba. Chagua yaliyokaa muda, si ya jana yenye utomvu. Yavunje yawe saizi ya punje za karanga zikiwa kwenye ganda, yachemshe, yamwage maji ya kwanza, yaloweke usiku kucha. Gome kavu kabisa halipokei maji, yanateleza juu yake yanapita.

Pwani Tambarare, 13 Januari

Magome ya nini wakati tuna makumbi ya nazi bure? Kata vipande, basi. Bibi yangu alifunga okidi kwenye kumbi na kamba, ikaning'inia barazani miaka.

Shangazi Maua, 13 Januari

Barazani, mwanangu. Kwenye upepo wa bahari. Huyu anaweka ndani, madirisha yana nyavu za mbu.

Makumbi siyakatai, mie mwenyewe ninayo. Ila yana mambo mawili. La kwanza chumvi: lazima uyaloweke siku tatu nne, maji ubadilishe kila siku mpaka yaache kutoka rangi ya chai. La pili, yanashika maji kuliko gome na yanaoza mapema. Kwa mtu aliyezoea kumwaga kikombe kila asubuhi, makumbi matupu ni mtihani. Dirisha, chukua magome sehemu tatu, mkaa sehemu moja, huo huo wa jikoni uliovunjwa na kuoshwa vumbi. Chungu kiwe cha plastiki kinachopitisha mwanga, ukitoboe chini na ubavuni kwa msumari wa moto, ili uione rangi ya mizizi bila kubahatisha. Kisiwe kikubwa. Mizizi saba haihitaji ndoo. Kile cha kauri kiwe kanzu tu, unakivua wakati wa kumwagilia.

Kumwagilia kwenyewe: ukiona fedha, zamisha chungu cha plastiki kwenye beseni dakika kumi au kumi na tano, inua, kining'inie mpaka kiache kudondosha. Asubuhi, si usiku. Na maji yasituame katikati pale majani yanapokutana, pakioza pale hakuna jani jipya tena maisha. Yakiingia, yanyonye kwa kipande cha tishu.

Fundi Kipupwe, 13 Januari

Habari za jioni. Mimi ni fundi wa viyoyozi, maua sijui, ila nimeona "maji ya kisima" nikashtuka. Visima vingi vya Dar vina chumvi, tunaiona kwenye mabomba yanavyoziba. Dada, chungu chako kina utando mweupe ukingoni?

Dirisha la Tabata, 13 Januari

Kinao. Nilidhani ni urembo wa kauri.

Fundi Kipupwe, 13 Januari

Ndiyo chumvi hiyo. Sasa nikupe siri ya ufundi: ule mrija wa kiyoyozi unaodondosha nje, maji yake ni unyevu wa hewa uliogandia kwenye koili, karibu hayana chumvi kabisa. Ndoo moja kwa usiku wa Januari unaipata bila jasho. Mrija ukiwa na uchafu usafishwe kwanza, na siku fundi akimwagia koili dawa, maji ya siku hizo usiyatumie.

Shangazi Maua, 14 Januari

Fundi kanifundisha jambo, mie nilikuwa najua ya mvua tu. Masika yakifika weka mapipa. Lakini maji hayo yote mawili hayana chakula ndani yake, kwa hiyo mbolea ya maji ya 20-20-20 itahitajika jani jipya likianza, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi maji matupu mengi ya kusuuza.

Bint Muttrah, 14 Januari

Ahsanteni kwa uzi mzuri. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja. Kiyoyozi chetu huku kinakimbia tangu mwezi wa nne hadi wa kumi, na hewa yake inakausha mpaka midomo. Okidi zangu mbili za mwanzo zilikufa chini ya upepo wake, vikonyo vilikuwa vishatoa vitumba, vikageuka manjano vikaanguka kabla havijafunguka. Hizi za sasa nimeziweka kona usikofika upepo, juu ya sinia ya kokoto na maji, chungu kinakalia kokoto, maji hakiyagusi. Nyingi zikiwa pamoja zinapeana unyevu pia, kama watu kwenye daladala.

Kiboko ya Mbu, 14 Januari

Yaani ua linataka maji ya AC, magome ya Iringa na sinia ya kokoto. Mimi nalipiwa lini maji ya AC?

Mwalimu wa Nyakati za Jioni, 15 Januari

Nimefuatilia kimya. Kuna jambo la dirisha hamjaligusa, na nalo ndilo linalowapoteza wanaojifunza kwenye video za Ulaya. Kule wanasema dirisha la kusini lina jua kali, la kaskazini halina. Kwao ni kweli. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi mpaka kama tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini wa nyumba yako. Miezi iliyobaki linapita kusini. Yaani sasa hivi Januari dirisha lako la kusini ndilo linachomwa, na Julai ni la kaskazini. Mtu anaweka okidi "penye kivuli" Januari, ikifika Juni majani yana makovu meupe ya kuungua na hajui kilichotokea, hajasogeza chungu hata inchi.

La mashariki halina ugeugeu huo. Jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, basi. La magharibi weka pazia jepesi. Angalia jani: kijani kizito sana kama sukuma wiki maana yake giza, na maua hutapata. Kijani cha manjano chenye wekundu ukingoni maana yake limezidi. Unataka katikati, kijani cha embe bichi.

Dirisha la Tabata, 15 Januari

Mwalimu, sebule yangu inatazama magharibi, chumba cha kulala mashariki. Basi inahamia chumbani. Mume wangu atafurahi sana.

Wa Kwa Baridi, 17 Januari

Hamjambo wadau wa huko joto. Huku Nairobi tuko juu mita kama 1,700, na shida yetu ni kinyume chenu. Phalaenopsis yangu mwezi wa saba inakaa tu kama imekasirika, haikui, haifi, usiku wa nyuzi 12 haiutaki. Ikifika hapo napunguza maji sana, maana ubaridi na umajimaji pamoja ndio huozesha. Nilichoka nikaongeza Cymbidium, okidi ya aina nyingine, hiyo ndiyo yetu sisi wa nyanda za juu. Usiku wa baridi ndio huiambia itoe maua. Rafiki yangu wa Mombasa alinunua Cymbidium kwa kunionea wivu, sasa ana majani marefu kama ya mchaichai, ua hajawahi kuliona.

Mtoto wa Pugu, 18 Januari

Dada kama unataka okidi zisizo na deko, msituni kwetu ziko juu ya miti, njano zenye madoa ya kahawia kama chui. Naweza kukuletea tita zima kwa elfu ishirini.

Mkinga wa Makete, 18 Januari

Ndugu yangu wa Pugu, ziache. Hiyo ni Ansellia, na imepungua kwa sababu hiyo hiyo ya matita ya elfu ishirini. Familia nzima ya okidi iko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, huwezi kuzivusha mpaka bila kibali, na hata humu ndani kuchuma msituni si jambo la kujiamulia. Tena ikitolewa kwenye mti wake mara nyingi inakufa, kwa hiyo umeua mmea wa miaka kadhaa kwa hela ya vocha.

Nasema hivi kwa uchungu. Mimi natoka jirani na Kitulo, wenyewe tunapaita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, na iliwekwa kwa ajili ya maua kabla ya wanyama. Kuna okidi za ardhini 45 hivi pale juu. Njooni mvua zikikolea, Desemba hadi Machi, muone. Lakini nje ya mipaka watu walichimba viazi vya okidi hizo miaka na miaka, vinavuka kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Ukichimba kiazi, mmea umekwisha. Utotoni nilikuwa naona mbuga nzima imepakwa rangi, sehemu nyingine sasa ni nyasi tupu.

Mtoto wa Pugu, 18 Januari

Nimekusikia mkuu. Sikujua hilo la mkataba.

Dirisha la Tabata, 27 Aprili

Nafufua uzi wangu. Iko hai! Majani mawili ya chini yaliyolegea yalikauka yakaanguka, moyo ukaruka, lakini katikati limetoka jani jipya, gumu, linang'aa. Mizizi mipya miwili imechungulia. Maji ya AC, kila siku ya tano au ya sita kufuatana na rangi, hizi siku za mvua hata siku tisa.

Sasa kuna vitu vyeupe kama pamba kwapani mwa majani. Ukungu?

Shangazi Maua, 27 Aprili

Si ukungu, ni wadudu, vidung'ata. Pamba ya masikio, spiriti, gusa mmoja mmoja. Rudia baada ya siku saba, na tena, maana mayai huyaoni. Angalia chini ya majani. Itenge na mimea mingine.

Dirisha la Tabata, 14 Juni

KIKONYO! Wakuu kikonyo kimetoka, kijani, kinapanda juu, nimeshakichomekea kijiti cha kuegemea na nimempigia simu aliyenizawadia! Picha hiyo hapo.

Shangazi Maua, 14 Juni

Mwanangu, nisamehe. Huo ni mzizi.

Tazama ncha: mviringo, laini, inang'aa kama kichwa cha kiberiti. Kikonyo ncha yake imebapa kidogo, ina vigamba vimefumbatana kama viganja vya mtu anayeomba, na hutokea ubavuni, kwapani mwa jani.

Kiboko ya Mbu, 14 Juni

Mzizi umewekewa mkongojo 😂😂 Nimekuja uzi huu kwa kahawa nimekaa miezi mitano, sitoki.

Fundi Kipupwe, 15 Juni

Usikate tamaa dada. Nilikwenda kusoma kwa sababu yenu. Hii aina inataka wiki kadhaa za joto lililo chini ya nyuzi 26 hivi ndipo itoe kikonyo. Ndiyo maana Dar tangu Januari haikuwezekana, usiku wenyewe ulikuwa nyuzi 25 na mchana 32. Sasa kipupwe kimeingia, Julai usiku tunashuka hadi 18 au 19. Na asiyeweza kungoja, kiyoyozi cha chumbani kwenye 22 usiku kinafanya kazi hiyo hiyo.

Dirisha la Tabata, 2 Agosti

Sisemi kitu. Naweka picha tu. Kimetokea kwapani mwa jani la pili kutoka juu, kina wiki mbili, ncha imebapa, kimepinda kuelekea dirishani. Shangazi njoo.

Shangazi Maua, 2 Agosti

Ndicho. Hongera mwanangu.

Kuanzia leo usikizungushe chungu. Kinafuata mwanga, ukikigeuza kitajinyonga kama mzabibu na maua yatatazama ukutani. Kijiti weka sasa, kingali laini, lakini usikikaze. Vitumba utaviona baada ya miezi miwili au zaidi. Na zile ndizi?

Dirisha la Tabata, 2 Agosti

Ndizi zimehamia jikoni. Vijiko bado havina kwao.